Tarehe 2 Aprili bajeti imeshapita

Ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano, mahusiano na tabia), fulana za bluu huanza kuonekana Arusha na Moshi. Kunakuwa na matembezi mafupi, mgeni rasmi, keki, picha za pamoja, na ahadi kwamba "suala hili tumelichukua". Siku hiyo iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2007, kwa azimio lililopelekwa na Qatar, na waliolipitisha hawakuwa na habari na kalenda ya halmashauri zetu. Mgeni rasmi anaposhika kipaza sauti, madiwani wameshapitisha bajeti tangu Januari au Februari, Kamati ya Ushauri ya Mkoa imeshaipitia, na makabrasha yako Dodoma yanasubiri Bunge la bajeti. Ombi linalotolewa Aprili 2026 haliwezi, kwa njia ya kawaida, kupata kifungu kabla ya Julai 2027. Miezi 15 hiyo. Mkurugenzi aliyeahidi huenda wakati huo ameshahamishiwa Katavi.

Pesa ya utafiti nayo ndivyo ilivyo, ila kalenda yake ni ndefu zaidi na inaendeshwa kutoka mbali. Pesa ya usonji, iwe ya maabara au ya darasani, inapokufikia huwa imeshapangiwa swali la kujibu. Ukisubiri ifike ndipo useme unachotaka, utaambiwa "mradi haukuandikwa hivyo". Kwa hiyo nataka tuangalie mahali swali linapoandikwa: Marekani na Uingereza kwanza, kisha KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi inayofanya pia utafiti, kisha ofisi ya mipango ya halmashauri yako.

Huko pesa inakotoka

Desemba 2006 Rais George W. Bush alisaini sheria iitwayo Combating Autism Act, iliyoruhusu karibu dola bilioni 1 kwa miaka mitano. Imehuishwa mwaka 2011, 2014, 2019 na tena Desemba 2024. Mwaka 2014 jina lilibadilishwa na "kupambana" ikaondolewa, kwa sababu watu wenye usonji walikuwa wamelalamika miaka yote kwamba wanaopigwa vita ni wao. Ikumbukwe kuwa sheria ya aina hii inaruhusu tu. Fedha yenyewe hutengwa kwenye bajeti ya kila mwaka. Anayejua tofauti ya fedha iliyoidhinishwa na fedha iliyotolewa kwenye halmashauri za Tanzania hatapata shida kuelewa.

Huko kuna kamati ya kuratibu utafiti huo, IACC, iliyotokana na sheria ya afya ya watoto ya mwaka 2000. Wajumbe wake ni wakuu wa taasisi za serikali pamoja na wananchi. Sheria ya 2006 ilitaka angalau mjumbe mmoja mwenye usonji. Mwaka 2014 wakawa wawili, 2019 watatu. Viti hivyo havikutolewa kwa hisani. Shirika la watu wenye usonji wenyewe, ASAN, lilianzishwa mwaka 2006 na Ari Ne'eman. Desemba 2007 lilifanikiwa kusimamisha kampeni ya kituo kimoja cha chuo kikuu cha New York iliyobandika mabango mfano wa barua za watekaji, ambamo usonji "ulimteka" mtoto. Upande wa pili kulikuwa na Autism Speaks, shirika kubwa lililoanzishwa 2005 na Bob na Suzanne Wright, babu na bibi wa mtoto mwenye usonji, lililoelekeza nguvu kwenye chanzo na tiba. Halikuondoa lengo la kutafuta tiba kwenye dira yake mpaka 2016.

Mvutano mmoja uliotafuna pesa ulikuwa wa chanjo. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo na usonji. Liliifuta Februari 2010. Kabla haijafutwa, Denmark walishafuatilia watoto zaidi ya 537,000 na kutoa majibu mwaka 2002: chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela haihusiani na usonji. Mwaka 2019 wakarudia kwa watoto 657,461, jibu likawa lile lile. Katikati ya hayo, Januari 2009, Alison Singer alijiuzulu Autism Speaks akisema hawezi kuunga mkono fedha zaidi kwenda kwenye swali lililokwisha kujibiwa, akaanzisha mfuko mwingine wa utafiti. Huku kwetu tunatumia chanjo ya surua-rubela tangu 2014, lakini uvumi haujali aina ya chanjo. Umeingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi ukiwa mzima.

Septemba 22, 2025, ikawa zamu ya Panadol. Rais Donald Trump, akiwa na waziri wake wa afya Robert F. Kennedy Jr., aliwaambia wajawazito waepuke Tylenol, ambayo ni paracetamol, akiihusisha na usonji. Siku mbili baadaye Shirika la Afya Duniani likatamka kuwa hakuna ushahidi thabiti wa uhusiano huo. Sweden walikuwa wameshachapisha mwaka 2024 uchunguzi wa watoto karibu milioni 2.5. Ukilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama yake alitumia dawa hiyo akiwa mjamzito na mwingine hakutumia, tofauti ya hatari ya usonji kati yao inatoweka. Kwa mjamzito wa Himo au Usa River jambo hili si la kisiasa. Homa yake inaweza kuwa malaria, na homa isiyopimwa wala kutibiwa inaweza kumdhuru yeye na mimba yake. Muuguzi wa kliniki anapaswa kuwa na jibu la sentensi mbili tayari: pima malaria, tumia paracetamol kwa kipimo ulichoelekezwa.

Mzozo wa aina hii unaacha hasara isiyoonekana. Uingereza walikaa wakahesabu ruzuku za utafiti wa usonji za miaka ya 2007 hadi 2011. Asilimia 56 ilikwenda kwenye baiolojia, ubongo na utambuzi. Huduma zilipata asilimia 5. Nafasi ya mtu mwenye usonji katika jamii, asilimia 1. Walipoulizwa watu wenye usonji na familia zao wanataka nini, wakataja hayo hayo yaliyopata makombo: stadi za maisha, ajira, nini kitatokea mzazi akifa. Mimi sina ugomvi na wanabaiolojia. Ila mwenye fedha akishasema "tafuta jeni", hakuna chuo duniani kitakachoandika pendekezo la kutafuta mwalimu.

Bomba linalofika Moshi

KCMC ina ushirikiano wa utafiti na Chuo Kikuu cha Duke tangu miaka ya 1990, zaidi kwenye UKIMWI, homa na maradhi ya kuambukiza. Nautaja si kwa sababu ni wa usonji, bali kwa sababu bomba ni hilo hilo. Ruzuku ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa kawaida hupewa chuo cha huko, kisha sehemu yake hushuka kwa taasisi ya hapa kama mgao. Taasisi ya nje ya Marekani inaruhusiwa kuongeza asilimia 8 tu ya gharama za moja kwa moja za mradi ili kulipia uendeshaji: umeme, uhasibu, ulinzi, intaneti. Vyuo vya kwao vina viwango vyao vya kujadiliana, vya juu zaidi kwa mbali. Ndiyo maana mradi unaweza kusomeka wa dola milioni huku ofisi ya Moshi ikihangaika na wino wa printa.

Tarehe 1 Mei 2025 NIH ilitangaza kusimamisha ruzuku mpya zenye migao ya nje kwa mtindo huo hadi utaratibu mpya uwekwe. Mwezi huo huo ikatangaza dola milioni 50 kwa mpango wa kuchambua takwimu za usonji, ukielemea kwenye visababishi. Soma matangazo hayo mawili pamoja. Pesa mpya ya usonji ilitangazwa huko, na mlango wa kuifikia ukiwa Moshi ukabanwa.

Na sisi tuna maswali yetu. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watoto 20 wa Tanzania. 14 walitimiza vigezo vya usonji, na watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri mpaka walipougua malaria kali yenye homa ndefu na degedege, ndipo dalili zikaanza. Watoto watatu hawathibitishi kitu. Lakini hilo ni swali la kitafiti ambalo mtoa ruzuku wa nchi isiyo na malaria hatalala akiliwaza. Yako na mengine: mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, manjano iliyopuuzwa, homa ya uti wa mgongo. Kama huulizi wewe, litaulizwa la wenzako.

Tatizo la vipimo nalo ni la pesa. ADOS-2, kipimo cha uchunguzi kinachotumika sana kwenye utafiti, sanduku lake moja linazidi dola 2,000 kabla hujamfundisha mtu kulitumia. M-CHAT-R, dodoso la mzazi la kuchuja watoto wenye dalili za usonji, ni ya bure kwa kliniki na utafiti: maswali 20, kwa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo. 3 hadi 7 lazima umrudie mzazi kwa mahojiano ya ufuatiliaji. 8 kwenda juu mpe rufaa moja kwa moja. Inapoharibika ni pale katikati. Mhudumu ana foleni, anaruka mahojiano, kila mtoto wa alama 4 anapewa jina la usonji, halafu mtafiti anaandika kiwango cha juu kisicho cha kweli. Kosa la pili ni umri. Mtoto anayeletwa ana miaka 5 hapimwi kwa M-CHAT hata kama fomu ndiyo pekee iliyopo kwenye droo. La tatu ni lugha. Umetafsiri maswali kwa Kiswahili kizuri, lakini bibi anayelea mtoto Longido anaongea Kimaa, na mjukuu wake hujamwona akicheza kwa namna fomu inavyodhani watoto wote hucheza. Bajeti ya tafsiri ya pili na ya kuijaribu kwa familia chache kabla ya kazi huwa ndiyo ya kwanza kukatwa.

Fomu ya ridhaa: soma ukurasa wa mwisho

Utafiti wa jeni umeshafika ukanda wetu. Mradi wa NeuroDev, uliobuniwa na Taasisi ya Broad ya Marekani, umekusanya washiriki Kilifi nchini Kenya na Cape Town kwa lengo la watu takribani 5,600, wakiwemo watoto wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo na wazazi wao. Ni kazi muhimu, maana hazina za jeni duniani zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Lakini tazama kilichotokea Uingereza. Agosti 2021 mtafiti wa usonji Simon Baron-Cohen na wenzake walizindua Spectrum 10K, mradi wa kukusanya vinasaba vya watu 10,000 wenye usonji kwa pauni milioni 3 za Wellcome, mfuko wa hisani unaofadhili utafiti wa afya. Wiki chache tu baadaye, Septemba, ukasimamishwa. Watu wenye usonji waliuliza data zitatumiwa na nani baadaye, na kama siku moja zitatumika kupima mimba ili watoto kama wao wasizaliwe. Majibu yalikuwa hafifu, kwa sababu walioulizwa maoni waliulizwa wakati mradi umeshapata fedha.

Huku kwetu ulinzi upo kwenye karatasi, ila mzazi ndiye wa kuudai. Utafiti wa afya unapita kwenye kamati ya maadili ya taasisi husika, na wenye washirika wa nje unahitaji kibali cha kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Sampuli ikisafirishwa nje lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za vinasaba, za afya na za watoto kuwa nyeti.

Ukipewa fomu ya ridhaa, kurasa mbili za mwanzo ni salamu na faida za sayansi. Nenda mwisho. Tafuta sentensi ya "matumizi ya baadaye": je, unaruhusu utafiti huu tu, au utafiti wowote utakaokuja? Yawepo masanduku mawili ya kutia alama, si saini moja inayobeba yote. Tafuta damu au mate yatahifadhiwa wapi na kwa miaka mingapi. Ukiona "yatahifadhiwa katika maabara ya washirika", uliza ipi. Tafuta neno kujitoa: ukijitoa, sampuli inateketezwa, au unaacha tu kupigiwa simu? Uliza kama matokeo ya mtoto wako utarudishiwa, na nani atakufafanulia. Fomu nyingi husema hakuna majibu binafsi, na hilo linakubalika likisemwa mapema. Linalouma ni mama kungoja miaka akidhani barua inakuja. Mwisho tazama namba ya simu ya kamati ya maadili. Ikiwa iliyopo ni ya mtafiti peke yake, rudisha fomu.

Kikundi cha wazazi kinaweza kupata zaidi ya hapo kikijipanga. Mtafiti anahitaji washiriki, na nyie ndio mlango wa kuwapata. Kabla hamjampa orodha ya majina, ombeni kuona pendekezo likiwa rasimu. Ombeni kipengele kimoja cha huduma kiandikwe ndani yake na kipewe bajeti: mtaalamu wa tiba kwa vitendo siku mbili kwa mwezi, kwa mfano, maana shule ya fani hiyo iko pale pale KCMC. Kikiwa kwenye bajeti ya mradi ni haki. Kikiwa ni ahadi ya mdomo, kinakwisha na mradi.

Kuingia kwenye bajeti ya halmashauri

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mwongozo wa bajeti wa Wizara ya Fedha hutoka karibu na Novemba, ukiwa na ukomo wa kiasi cha kutumia. Mitaa, vijiji na Kamati za Maendeleo za Kata huibua mahitaji Novemba na Desemba. Idara huingiza shughuli kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, Timu ya Menejimenti hupunguza, kamati za kudumu hupitia, Baraza hupitisha, mkoa hushauri, TAMISEMI na Hazina huchambua, Bunge huanza Aprili na kumaliza Juni. Vikundi vingi hukimbilia kwa diwani. Diwani ni muhimu, lakini anakuta kitabu kimeshapangwa na hawezi kuvuka ukomo. Anachoweza ni kuhamisha kidogo ndani ya mapato ya ndani. Vita halisi hupiganwa Oktoba na Novemba, kwenye meza ya mkuu wa idara. Mtafute Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Elimu Maalumu na mratibu wa afya ya akili wa halmashauri kabla mfumo haujafunguliwa.

Usiende na "tunaomba serikali ihamasishe jamii kuhusu usonji". Sentensi hiyo haiingii kwenye PlanRep, ambako kuna lengo, shabaha, shughuli, na mahitaji yenye bei. Nenda na kitu kama hiki. Shirika la Afya Duniani lina programu ya kuwafundisha walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ukiwemo usonji: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani kwa kila familia. Chukua kundi la walezi 10 na wawezeshaji 2 katika kata moja. Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu. Chai na kitafunwa cha 3,000 kwa watu 12, vikao 9: 324,000. Nauli ya mlezi 2,000 kwenda na kurudi: 180,000. Nauli ya wawezeshaji 5,000 kila mmoja kwa kikao: 90,000. Ziara 30 za nyumbani, bodaboda 6,000: 180,000. Kuchapa vijitabu 10 kwa 10,000: 100,000. Jumla 874,000, weka asilimia 10 ya dharura inakuwa 961,400. Haifiki milioni moja. Kazi ngumu na ya gharama ni kuwafundisha wawezeshaji wenyewe kabla, na hiyo ipelekwe kwenye ngazi ya mkoa au kwa mdau, isichanganywe humu. Ombi la milioni moja kwa kata moja hupita. Ombi la milioni 80 la "kituo cha kisasa" hukaa kwenye hotuba.

Ukiambiwa "nendeni kwenye ile asilimia 2", jibu kwa adabu kwamba ile ni mikopo. Katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, na inarejeshwa. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Ni nzuri kwa kikundi chenye biashara. Haimlipi mtaalamu wa matamshi.

Takwimu zitakuponza usipokuwa makini. WHO linakadiria mtu 1 kati ya 127 duniani kwa mwaka 2021. Marekani kwenye vituo vyao vya ufuatiliaji ni mtoto 1 kati ya 31 wa miaka 8. Usilete hiyo ya 31 Arusha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,356,255 mkoani Arusha na 1,861,934 Kilimanjaro, kwa hiyo kwa kadirio la WHO ungetegemea watu wapatao 18,500 na 14,700. Andika neno "kadirio". Afisa mipango atakuuliza wako kata gani, na hapo namba kubwa inakuwa bure. Orodha ya watoto 23 wa kata tatu, yenye umri, shule au "hasomi", na jina la mlezi likiwa limehifadhiwa kwa ofisa ustawi peke yake, ina nguvu kuliko 18,500. Maswali sita mafupi ya Washington Group, kundi la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu, yanayotumika kwenye sensa nyingi huuliza kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Mtoto mwenye usonji anayeongea na kuvaa mwenyewe hupita katikati ya wavu. Moduli ya watoto ya Washington Group na UNICEF, kwa umri wa miaka 2 hadi 17, inauliza pia kucheza, tabia, mahusiano na kukubali mabadiliko. Mkifanya hesabu ya kata tumieni hiyo. Na muulize mganga mfawidhi wa zahanati: kwenye taarifa ya mwezi ya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, mtoto huyu anaandikwa safu ipi?

Nani asemee nani

Huku kwetu anayezungumza kwa niaba ya usonji karibu kila mara ni mama, mwenye kituo, au mfadhili. Kila mmoja ana haki ya kusema, na kila mmoja ana maslahi. Mwenye kituo anataka ruzuku ya kituo, ambapo kijana wa miaka 22 anataka kazi ya kupanga bidhaa kwenye ghala la Njiro na kuachwa avae vizuia kelele. Mabishano haya yapo duniani kote. Tume ya The Lancet ya mwaka 2021 ilipopendekeza kuwatambua kipekee wenye usonji mzito, yaani wanaohitaji mtu karibu saa zote, wazazi wengi walishukuru na watetezi wengi wenye usonji walipinga. Mimi naona wazazi walikuwa na hoja: anayehitaji msaada mwingi husahaulika mbele ya anayeweza kuhutubia. Lakini dawa yake ni kuongeza viti, si kuwaondoa wanaoongea.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kamati kuanzia mtaa na kijiji hadi halmashauri. Angalia kamati ya kata yako ina nani. Ukipata kijana mwenye usonji wa kuingia, mpelekeeni ajenda siku tatu kabla, kwa maandishi au picha. Mpeni kiti karibu na mlango. Zimeni spika inayopiga mluzi. Asipotaka kusema mbele ya watu, aandike kwenye simu na katibu asome. Posho yake iwe sawa na ya wengine. Hapo ndipo utajua kama ni mjumbe au ni pambo.

Bajeti ikishapita, kazi ya ufuatiliaji inaanza. Shughuli zilizowekwa kwenye mapato ya ndani hungoja makusanyo, na vitu vya ustawi husukumwa hadi robo ya nne, wakati muda wa kutekeleza ni wiki chache na mwaka unafungwa Juni 30. Kwa hiyo omba kwenye mpango kazi shughuli yako iwekwe robo ya pili. Kila robo ikiisha, andika barua kwa Mkurugenzi kuomba kiasi kilichotengwa, kilichotolewa na kilichotumika kwenye kifungu hicho, ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa siku 30 za kujibiwa. Nakala kwa Afisa Mipango na kwa diwani wa kata. Usiitume WhatsApp. Ipeleke masjala na daftari la dispachi, isainiwe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.